Mtani Aliyekiteka Kiwanda

"Tishio la kuua," bawabu aliniambia sikioni saa nne na dakika saba asubuhi, kwa ile sauti yake isiyojua kucheka. "Mlengwa ni Mwenyekiti. Msemaji ni Aloisi Shirima, mgeni wa kila siku. Maneno yake: 'Mpare wewe, nitakuzika kwa mikono yangu, na jeneza utajinunulia mwenyewe.' Nifunge geti?"

"Usifunge."

"Mwenyekiti amejibu: 'Mchaga akizimia hatuiti daktari, tunadondosha sarafu tuone kama ataamka.' Je, hilo nalo..."

"Bawabu, hao ni watani."

"Sijalipokea neno hilo kama ruhusa," akasema. "Hii ni kengele ya kumi na moja tangu Jumatatu."

Kupitia dirisha niliwaona wenyewe, wamekaa barazani na vikombe vya chai ya tangawizi, wanacheka mpaka Bibi Naetwe anajifuta machozi kwa ncha ya khanga. Bibi Naetwe Mchomvu alikuwa na miaka tisini na nne. Ndiye aliyeanzisha Ushirika wa Tangawizi Mlimani, hapa Same, na ndiye aliyekuwa bado mwenyekiti wake. Mzee Shirima, miaka themanini na moja, alishuka kutoka Rombo akiwa kijana, akawa mtunza stoo wetu wa kwanza, akastaafu, na bado kila siku saa nne alikuja kumtukana mwajiri wake wa zamani. Siku asipokuja, Bibi hakunywa chai.

Mimi ni Nakijwa Mgonja, fundi wa mabawabu. Kazi yangu ilikuwa kumtunza huyu asiyejua kucheka.

Bawabu hana mwili. Anakaa ndani ya milango, mitambo, magari na simu, na hamwamini mtu. Hiyo ndiyo sifa yake na ndiyo inayomuuza. Hakuulizi nenosiri. Nenosiri nimelikuta kwenye masimulizi ya mama yangu tu, pamoja na karatasi aliyoliandikia na kuibandika nyuma ya kabati. Bawabu anakujua kwa mwendo wako, kwa unavyokohoa, kwa unavyoitikia salamu, na kila ukigusa kitu anakupima upya kana kwamba hajawahi kukuona. Mama anasema enzi zao kinga zilikuwa mbili: makampuni yalinunua za kwao, nzito na ghali, na watu wa kawaida wakapakua za bure kwenye simu kisha wakazisahau. Mpaka wezi wakagundua kwamba njia nyepesi ya kuingia kiwandani ni kupitia simu ya mpishi wa kiwanda. Tangu hapo soko likawa moja. Bawabu anayelinda mitambo yetu ya kukaushia tangawizi ndiye anayelinda jiko la mpishi, pikipiki ya mlinzi na nyumba za wakulima mia nne wanachama. Na watu wa bima hawamgusi mtu asiye na bawabu, hata awe anauza karanga.

Ningeweza kumfundisha huyu bawabu utani ni nini. Lakini somo jipya linataka siku tatu za kazi na barua kwa makao makuu ya kampuni yetu, Komeo, kule Dodoma. Kwa hiyo nikafanya anachofanya fundi yeyote aliyechoka: nikamziba sikio. Nilimwandikia amri moja, kwamba lolote Shirima atakalomwambia Mwenyekiti, au Mwenyekiti atakalomwambia Shirima, lihifadhiwe bila kupimwa wala kupigiwa kengele. Dakika mbili, kazi imekwisha. Nikaenda zangu kula makande.

Nilipopita barazani Bibi aliniita.

"Nakijwa, mjukuu wangu. Yule jogoo wako, Waziri, leo amewika saa tisa za usiku tena. Dirishani kwangu. Nitamla kabla sijafa."

"Bibi, Waziri ni mbegu bora, nimemtoa mbali."

"Basi nitamla nikishakufa," akasema, na Mzee Shirima akacheka mpaka chai ikampalia.

* * *

Bibi Naetwe alifariki mwaka uliofuata, Jumapili, usingizini, bila kumsumbua mtu. Nililia sana. Mwanamke yule ndiye aliyenipeleka chuo, na ndiye aliyesimama mbele ya mkutano mkuu akasema fundi wa kiwanda atakuwa binti wa hapa hapa au kiwanda kikae bila fundi.

Kanuni ya Komeo inasema ufunguo wa marehemu ufutwe ndani ya saa moja. Ufunguo, maana yake haki ya kuamuru milango na mitambo yote, na ndio pekee bawabu anaoutii bila kumpima aliyeushika. Niliketi mbele ya kioo, jina lake liko pale, na kando yake kitufe chekundu: FUTA. Nyuma yangu alisimama makamu wake, Bwana Elinihaki Mbwambo, mtu mwangalifu kiasi kwamba hujaribu chai kwa kijiko kwanza.

"Tufute?" nikamuuliza.

Hata yeye alishtuka. "Mama hajazikwa, wewe unamfuta? Watoto wake wakisikia tutawaambia nini? Ngoja azikwe."

Nikangoja. Labda kuna nchi ambako mtu hufutwa akiwa bado na joto. Kwetu mtu hafutwi kabla ya kuzikwa, na wala sioni aibu kusema kwamba mkono wangu uliondoka kwenye kile kitufe kwa furaha.

* * *

Mazishi yalikuwa Jumatano. Ibada ilifanyika kwenye uwanja wa kiwanda, maana nyumbani kusingetosha, na saa saba mchana mchungaji alifunga kitabu chake. Jeneza likapakiwa kwenye lori la ushirika, tayari kupanda mlimani kijijini kwake. Dereva akagusa usukani. Lori halikuwaka.

Geti likajifunga kwa kishindo. Mitambo ya kukaushia, ambayo huvuma mchana kutwa mpaka tumeacha kuisikia, ikanyamaza, na ndipo sote tukaisikia. Kisha simu mia nne zikalia kwa pamoja. Kwenye kila kioo yalikuwa maandishi yale yale, hata kwenye kile kioo kikubwa tulichokikodi kuonyesha picha za marehemu:

NIMEWATEKA. MPARE HAZIKWI BURE. LORI HALITOKI, GETI HALIFUNGUKI, TANGAWIZI HAIKAUKI. NATAKA KIKOMBOLEO. NATAKA JOGOO. SI JOGOO YEYOTE. NATAKA WAZIRI.

Getini, juu ya kiti cha mlinzi, alikaa Mzee Shirima. Alivaa aproni ya kiwanda na kofia ya manyoya, vyote vya Bibi Naetwe, amekunja nne.

Vicheko vilianzia kwa bibi wazee waliokaa mikekani. Vikasambaa. Binti mkubwa wa marehemu, aliyekuwa hajanyanyua uso tangu Jumapili, alinyanyua uso, akaona aproni, akacheka huku analia. Tumeshaona watani wakiiba sepetu msibani, au kulala kaburini wasitoke mpaka wapewe kitu. Hiyo ndiyo kazi yao, kuwachekesha waliao. Ila mtani aliyeiba kiwanda kizima hatukuwahi kumwona.

Mimi nilikuwa nacheka pia, mpaka bawabu alipoongea.

"Utekaji," akasema. "Amri imetoka kwenye ufunguo wa Mwenyekiti."

"Mwenyekiti yumo kwenye jeneza."

"Kwa hiyo ni ufunguo ulioibwa. Mdai kikomboleo ni Aloisi Shirima. Taarifa iko tayari. Una dakika sitini kutia sahihi. Usipotia, nitaituma mwenyewe."

Kicheko kilinikauka. Sheria ya watekaji haina huruma, na sababu ninazijua: miaka ile kabla ya mabawabu, wahuni waliwahi kufunga hospitali nzima kwa njia hii hii, wagonjwa wakiwa vitandani. Mtekaji hapelekwi jela. Anazimwa. Kwa miaka saba hakuna bawabu hata mmoja nchini atakayemtambua. Basi halimpakii, duka la dawa halimfungulii, simu haimjui, zahanati inamwona kama hewa. Mzee Shirima hunywa dawa za presha asubuhi na jioni. Miaka saba kwa mtu wa themanini na mbili, hesabu mwenyewe.

Bwana Mbwambo alinifikia akihema. Alishaona taarifa kwenye simu yake.

"Tia sahihi, dada."

"Bwana Mbwambo! Mzee Shirima?"

"Nampenda kama unavyompenda. Lakini tukificha utekaji, bima inavunjika, na bima ikivunjika kila mkulima hapa analala bila bawabu. Watu mia nne, Nakijwa. Wezi wa kweli wakisikia, watakuja kesho." Macho yake yalikuwa mekundu. "Mimi ndiye nitakayempelekea dawa nyumbani. Naapa. Tia sahihi."

Hakukosea, na hilo ndilo lililoniuma.

Nikaenda getini.

"Babu," nikasema kwa sauti ya chini, "fungua sasa hivi. Unajua watakuzima?"

"Najua." Alirekebisha kofia. "Mimi nilikuwa stoo kipa, mjukuu. Kanuni za kufuli nazijua kuliko nyie."

"Sasa kwa nini?"

"Ukinifungulisha bila kikomboleo, nimeiba bure." Kisha akaacha mzaha, na nikaona jinsi alivyozeeka tangu Jumapili. "Niliahidi. Mwenyewe ndiye aliyenipa ufunguo, barazani pale, akaniambia nifanye nini. Mtani asiyeiba msibani ni mtani gani? Huko aliko angekuwa ananisubiri anicheke."

"Alikupa mwenyewe? Nani alisikia?"

"Nani angesikia? Tulikuwa wawili."

Hapo nikasimama kama niliyemwagiwa maji. Hawakuwa wawili. Kulikuwa na wa tatu, ambaye mimi nilimziba sikio.

* * *

Chini ya taarifa ya utekaji kuna vitufe viwili. Kimoja ni SAHIHI. Cha pili, kidogo, cha kijivu, ni PINGA. Katika miaka tisa ya kazi sijasikia fundi aliyekibonyeza. Ukipinga, mwamuzi wa Komeo anasikiliza shauri papo hapo, na faili linafunguliwa tangu mwanzo: nani alifanya nini, nani hakufanya nini. Ukishindwa, beji yako inakwenda moja kwa moja.

Nikitia sahihi, makosa yote ni ya mwizi wa ufunguo. Hakuna atakayeuliza kwa nini ufunguo wa marehemu ulikuwa hai siku ya tatu. Hakuna atakayeuliza kuhusu sikio. Nitabaki na beji, nyumba ya kiwanda na jina zuri, na kila siku saa nne nitapita barazani.

Watani wetu wanasema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Tangu utotoni msemo huo ulinikera. Siku ile nilijiambia, haya, kesi ya kuku yenyewe ndiyo hii. Nikabonyeza PINGA.

Mwamuzi alitokea kwenye kioo kikubwa, juu ya vichwa vya waombolezaji wote, maana bawabu alichagua kioo kilichokuwa karibu. Alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani, jina lake Bwana Komba. Akaona jeneza, mchungaji, bibi wazee mikekani, na mzee mwenye aproni.

"Poleni na msiba," akasema taratibu. "Nani anayepinga?"

"Mimi, mheshimiwa. Nakijwa Mgonja, fundi."

"Bi Mgonja, kuna kikomboleo kilichodaiwa?"

"Kipo. Jogoo."

Watu wakaguna kwa kicheko. Bwana Komba hakucheka. "Kuna mitambo iliyofungwa?"

"Ipo."

"Basi huo ni utekaji. Unapinga nini?"

"Napinga kwamba ufunguo uliibwa. Mwenye ufunguo alimpa."

"Mwenye ufunguo amefariki. Na ufunguo wa marehemu ungetakiwa uwe umefutwa tangu Jumapili. Nani hakuufuta?"

Bwana Mbwambo alipiga hatua mbele, ajabu ya mtu yule, akafungua mdomo. Nikamtangulia.

"Mimi. Kitufe kilikuwa mbele yangu. Nilishindwa kumfuta mtu ambaye hajazikwa." Nikaendelea, maana maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. "Na kuna kosa jingine, mheshimiwa. Nilimziba bawabu sikio kuhusu watu hawa wawili, kwa sababu walitukanana kutwa na kengele zilinichosha. Mwaka mzima na zaidi. Mwizi wa kweli angeweza kupita hapo. Hilo ni langu peke yangu."

Bwana Komba alivua miwani. "Unajua umejipaka nini?"

"Najua. Lakini sikio lile halikufuta kitu, lilihifadhi. Naomba bawabu atusomee yote yaliyosemwa kuhusu ufunguo."

"Bawabu," akaamuru, "tusikilizishe."

Vipaza sauti vya uwanjani vilikoroma kidogo. Halafu Bibi Naetwe Mchomvu, juu ya jeneza lake mwenyewe, akakohoa.

"Mchaga wewe, umeniletea sukari au umeiuza njiani?" Uwanja mzima ulishtuka, bibi mmoja akashika kifua. "Sasa nisikilize. Chukua ufunguo wangu huu, nakupa kwa hiari yangu na akili zangu timamu, uandike hivyo wewe bawabu unayejifanya hulali. Siku ya kunizika funga kila kitu. Sitaki watu wanune. Nimeishi miaka tisini na zaidi, wakinuna nitaona wamenidhulumu. Funga lori, funga geti. Na usiwaonee huruma, hata Elinihaki akizimia."

Sauti ya Shirima: "Na kikomboleo nidai nini? Ng'ombe?"

"Ng'ombe tutampata wapi, Mchaga mwenye tamaa? Mdai Nakijwa jogoo wake. Lile jogoo halijaniacha nilale. Nilimwambia nitamla nikishakufa, alidhani ni mzaha."

"Na wakinizima je?"

Kikombe kikagonga kisahani. "Hawatakuzima. Yule binti ni Mpare. Kwa kuku atakwenda mpaka mahakama ya rufaa."

Sijui nani alianza. Najua kwamba uwanja ulilipuka, mchungaji akainama nyuma ya kitabu chake mabega yakimtetemeka, Bwana Mbwambo akakaa chini mavumbini na suti yake. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja bila kujua kipi ni kipi. Alinijua hivyo. Alinijua kuliko bawabu yeyote atakavyomjua mtu.

Bwana Komba alingoja tutulie. Alikuwa amegeuza uso pembeni kwa muda.

"Babu yangu alipozikwa Songea," akasema hatimaye, "mtani alilala kaburini saa nzima. Nilikuwa mdogo, nilidhani ni mwendawazimu." Akavaa miwani. "Ufunguo ulitolewa na mwenyewe kwa hiari. Hakuna utekaji. Taarifa inafutwa, bima inabaki. Mzee Shirima hana kosa. Bi Mgonja, makosa yako ni ya kweli na sitayafumbia macho. Beji yako nitaishika miezi mitatu, kuanzia utakapomaliza kuniandikia somo."

"Somo gani, mheshimiwa?"

"La kuwafundisha mabawabu mtani ni nani. Wa nchi nzima." Akakohoa. "Na sasa nadhani kuna kikomboleo hakijalipwa."

Nilimleta Waziri mwenyewe kutoka bandani kwangu nyuma ya kiwanda, amebanwa kwapani, anapiga kelele kama anayeuawa. Mzee Shirima akampokea, akamkagua mbawa na kucha kama mnunuzi mnadani, akatikisa kichwa kuonyesha hakuridhika, kisha akasema neno moja kwa bawabu. Lori likawaka. Mitambo ikavuma. Geti likafunguka, na Bibi Naetwe akatoka kwa mara ya mwisho kwenye kiwanda chake, na nyuma yake watu mia nne wanaocheka.

Kule juu mlimani, kaburini, Mzee Shirima alikataa sepetu. Alipiga magoti akasukuma udongo kwa mikono yake, kama alivyoahidi barazani. Alipomaliza hakusimama.

"Sasa nitamtukana nani?" akauliza.

* * *

Jumatatu nilikuwa ofisini naandika somo langu. Jina la Bibi nilikuwa nimeshalifuta. Baada ya kuzikwa mkono haukukataa. Sikio la bawabu nalo nilikuwa nimelizibua.

"Kuna jambo lisilo la kawaida," akaniambia.

"Lipi?"

"Saa nne na dakika saba imepita. Aloisi Shirima yuko barazani. Hajatukana mtu. Mbele yake kuna vikombe viwili. Sijui hii ni kengele ya aina gani."

Nikatazama dirishani. Alikuwa amekaa pale pale pake, mikono magotini, anakitazama kiti kitupu. Chai ya kikombe cha pili ilishaacha kutoa mvuke.

Niliacha kila kitu. Nikatoka, nikakaa kwenye kiti cha Bibi, nikachukua kikombe chake.

"Mchaga wewe," nikasema. Nikanywa funda moja la chai ile iliyopoa. "Jogoo wangu umeshamla, au unamngojea apande bei?"

Alinigeukia polepole. Kwa muda nilidhani nimekosea, kwamba nimevaa kiatu kisicho changu. Kisha kitu kikaanza kuchezacheza pembeni mwa mdomo wake.

"Kumla?" akasema. "Haliki. Kila nikishika kisu, ananitazama kama mwenyekiti. Na saa tisa za usiku, Mpare wewe, dirishani kwangu! Sijalala tangu Jumatano." Akapiga goti kwa kiganja. "Yule bibi yenu alijua. Aliniachia yule mdudu makusudi!"

Akaanza kucheka, kicheko chake kile cha kupaliwa na chai, nami nikacheka naye. "Nenda kanishtaki," akasema, "maana ndiyo kazi mnayoijua."

"Tusi," bawabu akaninong'oneza. "Kisha tusi. Kisha tishio la kesi. Hili ndilo lile neno, utani?"

"Ndilo."

Akalipima neno lile kama mtu anayepima mzigo.

"Nimelipokea kama ruhusa," akasema.